Mlembe na Warina Asali

Waswahili husema fuata nyuki ule asali, na msemo huo umekaa vinywani mwetu muda mrefu kiasi kwamba ni wachache wanaouliza kama yuko mtu aliyewahi kumfuata nyuki akafika. Nyuki ni mdogo na mwendo wake ni wa kasi. Akishapita juu ya vilele vya miti, jicho la mwanadamu humpoteza mara moja. Kwa sababu hiyo warina asali wa bara, katika misitu ya miombo inayoanza nyuma ya mwambao wetu na kuendelea hata ng'ambo ya mto Ruvuma, katika vichaka vya nchi ya Ziwa Eyasi, na katika nyika kavu za kaskazini ya Kenya, tangu dahari hawakumtegemea nyuki peke yake awaonyeshe njia, bali walimfuata ndege. Ndege huyo kwa Kiswahili huitwa mlembe, na ndiye ninayetaka kuandika taarikhi yake hapa, kwa kuwa naamini kwamba katika mambo yote yaliyopata kupita baina ya binadamu na viumbe wa mwituni, ni machache yenye adabu na insafu kama mapatano yaliyopo baina yake na watu.

Kwa kumtazama tu, mlembe hana uzuri wa kumsimamisha msafiri. Kimo chake ni kama cha shore, rangi yake ni ya kijivu iliyochanganyika na hudhurungi, na pambo lake kubwa ni manyoya meupe ya pembeni mwa mkia, yanayoonekana waziwazi anaporuka. Dume huzidi kwa koo jeusi na mdomo wa rangi ya waridi. Lakini kiumbe huyu asiyevutia macho amejaaliwa maumbile ambayo ni nadra kukutana katika mwili mmoja. Tumbo lake huweza kuyeyusha nta na kuifanya chakula, jambo ambalo wanyama wengi wenye uti wa mgongo hawaliwezi kabisa. Tukimeza sisi nta, hututoka kama ilivyoingia. Ngozi yake ni nene kuliko desturi ya ndege wa umbo lake, na wataalamu hudhani kuwa unene huo ni ngao yake mbele ya miiba ya nyuki. Pamoja na nta hupenda mayai na majana ya nyuki, na katika eneo analoishi huwa anajua mahali nyuki walipojenga, katika pango la mbuyu, katika ufa wa jabali, au ndani ya kichuguu kilichohamwa. Walakini ngozi nene si kinga ya kutosha, kwa maana nyuki wa Afrika ni wakali, na wakimwangukia kwa wingi humwua. Wala mdomo wake mfupi hauna nguvu ya kutoboa gome la mti au kupasua mwamba. Mahali pa chakula chake apajua. Njia ya kukifikia hana.

Mwanadamu naye yuko kinyume cha hayo. Anao moto, na moto humpa moshi, na moshi hufunika ile harufu ambayo nyuki huitoa ili kuitana vitani, hata jeshi zima likawa kama lililosahau adui yake. Analo shoka la kupanulia tundu la mti, na anazo akili za kufunga majani mabichi pamoja na vijiti vikavu juu ya ufito mrefu, akauwasha na kuuinua mpaka mdomoni mwa kitundu. Lakini katika maili za miti iliyofanana, hajui ni mti upi. Basi viumbe hawa wawili, kila mmoja akiwa na nusu ya kile kinachohitajiwa, walikutana, na wakati wa kukutana kwao umefichwa mbali sana nyuma ya taarikhi zote zilizoandikwa.

Safari yenyewe huenda hivi. Mrina asali hutoka asubuhi na shoka begani, akiita kwa sauti aliyofundishwa na baba yake. Mlembe akisikia, au hata bila kuitwa, humjia karibu na kumpigia kelele za harakaharaka, sauti ambayo hatumii kwa jambo jingine lolote, kisha huruka kwenda mti wa mbele, ameupanua mkia ili weupe wake uonekane, akakaa na kungoja. Mtu akichelewa, hurudi kumwita tena. Akienda mbio, naye huzidisha mwendo. Wanapokaribia kitundu, tabia yake hubadilika: sauti hupungua na kuwa ya polepole yenye vituo, miti anayotua huwa karibukaribu, na mwisho hukaa kimya, asiende tena mbele, mpaka macho ya mtu yamewaona nyuki wakiingia na kutoka. Hapo kazi ya ndege imekwisha, na kazi ya mtu huanza. Moshi hupanda, shoka hulia, asali hutolewa pamoja na masega, na mlembe hungoja juu ya tawi mpaka watu waondoke ndipo ashuke kula nta.

Mtu wa kwanza ninayemjua aliyeweka jambo hili katika maandishi ni kasisi wa Kireno, João dos Santos, wa shirika la Wadominiko, aliyeletwa Sofala katika karne ya 16. Sofala ulikuwa mji wa Waislamu wa mwambao, uliokuwa chini ya Kilwa zamani za biashara ya dhahabu, na Wareno walijenga ngome yao hapo mwaka wa 1505. Kasisi huyo, yapata mwaka wa 1588, aliona ndege wadogo wakiingia kanisani mwake na kudonoa nta ya mishumaa ya madhabahuni, akastaajabu, kama ambavyo mtu yeyote angestaajabu, kuona kiumbe kinachokula kitu kisicholika. Alipozidi kuchungua habari zao kwa wenyeji, aliambiwa kwamba ndege hao ndio wanaowaonyesha watu asali, wakiruka toka mti hadi mti na kuita, ili wapate mabaki ya nta. Akayaandika yote katika kitabu chake kiitwacho Ethiopia Oriental, kilichopigwa chapa Évora mwaka wa 1609. Napenda kukaa kidogo juu ya tukio hilo, kwa sababu linadhihirisha jinsi elimu ya watu wa Sofala ilivyokuwa timamu: kasisi aliona nusu ya pili ya habari, yaani ulaji wa nta, bila ya kujua ya kwanza, nao ndio waliomuunganishia nusu hizo mbili. Ukiyasoma maelezo ya wataalamu wa leo, waliopita huko na saa na vipimo vya ramani baada ya miaka 400, utaona kwamba asili ya jambo haikubadilika.

Ulaya iliisikia habari hiyo kwa mara nyingine mwaka wa 1777, pale Anders Sparrman, Mswidi aliyekuwa mwanafunzi wa Linnaeus, alipoipelekea Jumuiya ya Kifalme ya London barua juu ya ndege aliyemjua katika safari zake za Rasi ya Tumaini Jema. Katika karne iliyofuata David Livingstone, akisafiri katika nchi za Zambezi, alikuta imani iliyoenea kila upande kwamba ndege huyu mara nyingine humpeleka mtu, si kwenye asali, bali kwenye mnyama mkali. Akawahoji watu wa msafara wake mmoja baada ya mmoja, na karibu wote walimjibu kuwa walipomfuata ndege walifikishwa kwenye asali.

Imani hiyo inastahili kutazamwa vema kabla ya kukataliwa. Toka kusini ya Afrika hata pembe ya mashariki, makabila yasiyojuana hata kwa jina husimulia kisa kile kile kwa namna mbalimbali: palikuwa na mtu aliyeongozwa na ndege, akarina asali, akazoa masega yote kwa uroho wala asimwachie kiongozi wake chochote, siku ya pili ndege akaja tena, akamwita kwa sauti tamu ile ile, mtu akafuata kwa furaha, na chini ya mti wa mwisho alikuwapo chui. Mimi sidhani kwamba waliotunga kisa hicho walikusudia kueleza tabia za ndege. Walikusudia kuwalea vijana wao. Mtoto wa miaka kumi, aliye peke yake msituni na masega mkononi, hana kadhi wa kumwamrisha wala shahidi wa kumtazama, na aliyemdai ni ndege asiyeweza kumfikisha barazani. Ni kitu gani kitakachomfanya alipe deni hilo, isipokuwa hofu iliyotiwa moyoni mwake mapema? Kisa kilifanya kazi ya sheria mahali ambapo sheria haikuweza kufika, na kwa kuwa watu walilipa, ndege naye hakuacha kuja.

Sisi wa mwambao tulifaidi matunda ya mapatano hayo pasipo kuyaona. Nta ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizoteremshwa na misafara ya Wayao mpaka Kilwa, pamoja na pembe za ndovu na tumbaku, na ilipakiwa majahazini pamoja na sandarusi na ngozi. Katika enzi za Wadachi nta ya Unyamwezi ilikuwa na soko kubwa ng'ambo, na jina la Tabora lilijulikana kwa asali na nta kabla halijajulikana kwa reli. Nyingi ilitoka katika mizinga ya magogo iliyotundikwa juu ya miti, lakini nyingine ilitoka katika vitundu vya mwituni, ambako mlembe alikuwa dalali asiyeonekana mnadani. Hata siwa ya shaba ya Lamu, baragumu ambalo sauti yake ilitangaza harusi na sherehe za watawala, ilimiminwa kwa kalibu ya nta: fundi hutengeneza umbo lote kwa nta, akalizungushia udongo, akaliyeyusha kwa moto na kuijaza shaba mahali pake. Anayesimama mbele ya siwa hiyo leo katika makumbusho ya Lamu na kuzitazama nakshi zake, asisahau kwamba kila mstari wake ulichorwa kwanza juu ya kazi ya nyuki.

Tena watu wa pwani walikuwa na mwenzi wao wa baharini, ambaye ni vema nimtaje, ingawa kwa ufupi, ili tofauti ipate kuonekana. Huyo ni chazo, samaki ambaye pezi la mgongoni limegeuka kuwa kisahani cha kunyonyea juu ya kichwa chake, na kwa kisahani hicho hujibandika kwa papa na kwa kasa akabebwa bila nauli. Wavuvi wa Unguja na wa visiwa vya Wabajuni walimfunga chazo kamba mkiani, wakamtupa karibu na kasa, naye akajibandika asibanduke, wakavuta kamba wakampata kasa. Ilikuwa ni busara kubwa, na balozi mmoja wa Kiingereza aliyekaa Unguja katika karne ya 19 aliwaandikia wenzake habari hiyo kwa mshangao. Lakini chazo alikuwa mateka. Hakuwa na hiari katika jambo lile, wala hakupata fungu ambalo asingelipata akiwa huru. Mlembe hafungwi kamba. Hajazaliwa tunduni, hakufugwa na mtu, hakurithiwa wala kununuliwa; huja akitaka na huondoka akitaka, na asubuhi inayofuata yuko huru kutokuja. Nijuavyo mimi, mfano wa ndege wa mwitu na binadamu kuitana hivi kwa hiari, kila mmoja kwa sauti iliyokusudiwa mwenziwe, hauna wa pili ulioenea kadiri hii.

Wataalamu walichukua muda mrefu kukubali. Mwaka wa 1955 Herbert Friedmann, wa Makumbusho ya Taifa ya Marekani, alitoa kitabu kizima juu ya jamii ya ndege hawa, kazi ya subira na ya kuheshimiwa, ambamo alikusanya karibu kila lililopata kuandikwa. Na humo aliona pia jambo la kuhuzunisha, kwamba katika sehemu ambazo watu waliacha kurina asali, ndege nao walikuwa wakiacha kuongoza. Lakini ithibati ya vipimo ilikuwa bado. Wako waliosema kwamba ndege anapayuka tu na kurukaruka, na kwamba watu ndio wanaompa maana. Kwamba wangetembea popote pale wangekuta nyuki.

Aliyelimaliza shauri hilo alikuwa Mkenya. Hussein Isack, wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, walifuatana na warina asali wa Kiborana katika nchi kavu ya kaskazini kwa muda wa miaka mitatu, wakihesabu saa, wakipima masafa, wakiandika kila mti ambao ndege alitua. Waborana humwita ndege kwa mluzi wenye nguvu, wakipuliza baina ya viganja vilivyokutanishwa, au ndani ya koa la konokono, au ndani ya kokwa ya mkoma iliyochimbwa, na mlio huo husikika zaidi ya kilomita moja. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 1989. Mrina asali asiyekuwa na ndege alihitaji kwa wastani saa 8.9 za kutafuta mpaka apate kitundu. Mwenye ndege alihitaji saa 3.2. Na katika vitundu walivyovikuta, 96 katika kila 100 vilikuwa vya namna ambayo ndege asingeweza kuifikia nta yake mpaka mwanadamu avifungue kwa zana zake. Faida ilikuwa ya pande zote mbili, tena si haba.

Lakini lililonigusa zaidi katika utafiti ule si hesabu hizo. Waborana waliwaambia watafiti kwamba ndege huwapa habari tatu: upande wa kwenda, umbali uliobakia, na kwamba wamewasili. Upande huonekana kwa anakoelekea anaporuka. Umbali hujulikana kwa muda anaopotea mara ya kwanza kabla hajarudi, na kwa urefu wa matawi anayotua, ambayo huzidi kuwa ya chini kadiri kitundu kinavyokaribia. Kuwasili hujulikana kwa sauti na ukimya wake. Isack na mwenziwe waliyapima madai hayo moja moja, na vipimo vikakubaliana na maneno ya wazee. Watu wasiojua kusoma wala kuandika walikuwa wameisoma tabia ya ndege barabara kuliko vitabu vyote vya maktaba, na walioithibitisha elimu hiyo mbele ya ulimwengu walikuwa na insafu ya kusema imetoka kwa nani.

Sauti ya kuita ndiyo iliyofungua mlango wa pili. Katika hifadhi ya Niassa, kaskazini ya Msumbiji, inayopakana na nchi yetu ya Tanzania katika mto Ruvuma, wako Wayao wanaorina asali hata leo, na hifadhi hiyo ni miongoni mwa chache ambazo watu wanaishi ndani yake. Wao humwita ndege, ambaye kwa lugha yao ni sego, kwa kutetemesha ulimi kwa nguvu na kumalizia kwa mguno mfupi wa kooni. Walipoulizwa kwa nini sauti ile na si nyingine, walijibu kwamba ndiyo waliyofundishwa na baba zao, na kwamba ukiibadili bahati hupungua. Mtaalamu Claire Spottiswoode, pamoja na Keith na Colleen Begg wanaofanya kazi katika hifadhi hiyo, waliijaribu kauli hii kwa kutembea na warina asali wakipiga, kwa chombo, mara ile sauti ya Wayao na mara sauti nyinginezo za wanadamu na za ndege. Kwa sauti nyingine, mlembe alijitokeza kuongoza mara 33 katika 100. Kwa sauti ya Wayao, mara 66. Na bahati ya kuonyeshwa kitundu ikazidi zaidi ya mara tatu. Hayo yalichapishwa mwaka wa 2016.

Mashariki ya Ziwa Eyasi, katika milima ya Kidero, wako Wahadza, taifa dogo la watu 1,000 na ushei wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali, ambao huipanda mibuyu kwa kugongomea vigingi vya mti mmoja juu ya mwingine mpaka wafike tunduni. Asali ndiyo chakula wanachokipenda kuliko vyote. Nao hawatetemeshi ulimi, bali hupiga mluzi wa mfululizo wenye kupanda na kushuka. Mwaka wa 2023 Spottiswoode na Brian Wood, aliyekaa na Wahadza miaka mingi, walitoa habari ambayo kwangu mimi ni ya ajabu kuliko zote: mlembe wa Kidero huuitika mluzi wa Wahadza zaidi ya mara tatu kuliko anavyoitika mwito wa Wayao, na mlembe wa Niassa huuitika mwito wa Wayao karibu mara mbili kuliko mluzi wa Wahadza. Ndege ni wa aina moja, lakini kila mmoja ameizoea sauti ya majirani zake.

Ajabu hiyo huzidi unapojua jinsi ndege huyu anavyozaliwa. Mlembe jike hajengi kiota wala halei. Hutaga yai lake katika kiota cha ndege wengine wanaotaga mashimoni, mara nyingi keremkerem, na kifaranga chake huanguliwa kikiwa kipofu, hakina unyoya, lakini kina ndoana kali kwenye ncha ya mdomo, ambayo kwayo huwadunga watoto wa mwenye kiota katika giza la shimo mpaka wafe, kisha kikalelewa peke yake. Sipendi kulificha jambo hili kwa sababu tu nimemsifu ndege huyu. Anayetaka kuupenda ulimwengu wa viumbe sharti aupokee pamoja na ukali wake. Nalo lina maana kubwa katika habari yetu. Kifaranga aliyelelewa na keremkerem hajawahi kuwaona wazazi wake, kwa hiyo hamu ya kuongoza haikufundishwa na mama. Imo katika asili yake. Lakini maana ya sauti ya watu wa mahali alipo ni jambo ambalo kila dalili huonyesha kuwa hujifunza mwenyewe, kwa kusikia na kuambulia nta. Asili humsukuma awaendee watu. Watu ndio wanaompa lugha.

Makabila hayakulipa ujira kwa namna moja. Wayao hutandika majani mabichi chini ya mti na kuweka juu yake vipande vya nta, ili ndege avione na avifurahie. Wahadza hufanya kinyume: mara nyingi huizika nta, au huichoma moto, au huificha, wakisema kwamba ndege mwenye njaa ataongoza tena na aliyeshiba atalala. Nimesoma maneno ya watu wanaowalaumu Wahadza kwa jambo hilo, na kwa kweli sikubaliani nao. Mtu ambaye chakula cha watoto wake hutegemea kitundu cha pili siku hiyo hiyo anayo haki ya kufikiri hivyo, na ndege, ambaye hakosi kuambulia makombo yaliyoanguka, hajawahama. Hata hivyo sifichi kwamba moyo wangu umeelekea upande wa majani mabichi.

Kuhusu nyegere, mnyama jasiri ambaye vitabu vya watoto humwonyesha akiongozwa na mlembe kama binadamu, neno langu ni fupi: warina asali wengi wa nchi mbalimbali walioulizwa walisema hawajapata kuwaona pamoja, ila miongoni mwa Wahadza wako wengi waliosema wameona. Mimi ningewasikiliza Wahadza, kwa kuwa katika habari hii yote wasomi ndio waliochelewa.

Yanayoudhoofisha ujirani huu yanajulikana. Sukari ya dukani imefika kila kijiji, na kijana hawezi kulaumiwa kwa kununua kilo moja badala ya kupambana na nyuki. Mizinga ya kisasa huwapa watu asali karibu na nyumba zao, na kwa upande wa riziki hiyo ni neema, lakini mwenye mizinga hamwiti ndege mwituni. Juu ya hayo, hifadhi nyingi zilizotengwa kwa ajili ya kulinda viumbe zilipiga marufuku moto na shoka, na kwa hiyo zikawatoa warina asali katika misitu ile ile ambayo mlembe alikuwa akiwangojea. Katika sehemu hizo ndege wapo, na pengine ni wengi. Humjia mgeni, humpigia kelele, huruka mti wa mbele na kurudi, na mgeni hupiga picha na kupita. Ikiwa ni kweli, kama dalili zinavyoonyesha, kwamba maana ya mwito hujifunzwa na kila kizazi cha ndege kwa kusikia, basi pale ambapo wazee wameacha kuita, vizazi vichache vya ndege vitatosha kuusahau, na hata watu wakirudi na sauti ile ile ya babu zao, itakuwa ngeni masikioni mwa mlembe.

Kwa sababu hiyo naona kwamba habari ya ndege huyu haiwezi kutengwa na habari ya ardhi. Mwaka wa 2011 Wahadza wa bonde la Yaeda walipewa na serikali ya Tanzania hati za kimila za kumiliki sehemu ya nchi yao kwa pamoja, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa watu wasiolima wala kufuga. Waogiek wa msitu wa Mau nchini Kenya, ambao kwao asali ni chakula, ni kinywaji cha sherehe, na ni sehemu ya mahari, walikwenda mbali zaidi: walipotakiwa kuuhama msitu wao kwa hoja ya kuulinda, shauri lao lilifika katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu huko Arusha, na tarehe 26 Mei 2017 mahakama hiyo ilihukumu kwamba serikali ilikuwa imevunja haki zao, na kwamba kuulinda msitu haikuwa sababu ya kuwatoa ndani yake. Hukumu ya fidia ikafuata mwaka wa 2022. Mwaka uliofuata nyumba za Waogiek zilibomolewa tena katika msitu wa Mau, na mpaka hukumu hiyo itekelezwe kama ilivyoandikwa, warina asali wa huko wataendelea kuingia katika msitu wa babu zao kama watu wanaoiba.